Mwenza wa Fundi

Fundi ni mimi. Naanza na hilo kabla ya lingine lolote, maana katika habari hii utasikia watu wakimwita mume wangu fundi, na sitaki uchanganyikiwe. Ni mume mzuri, simsemi vibaya. Lakini ukimpa sindano na uzi aviunganishe, utakunywa chai na kurudi ukute bado anatafuta tundu. Makochi nashona mimi. Alinifundisha baba yangu mzazi, nikiwa mdogo kiasi kwamba nikikaa kwenye benchi lake miguu haifiki chini.

Kazi ya mume wangu ni mdomo. Namwita Bwana Karibu, kwa sababu neno hilo halimkauki kinywani. Mteja akichungulia tu mlangoni keshakaribishwa, keshapewa kiti, keshaulizwa habari za watoto na za mgongo. Lugha ya nchi hii aliiokota upesi, sokoni na vituoni, na sasa anaisema mpaka wenyewe wanacheka utani wake. Mimi hadi leo naisema kwa kuchechemea. Basi tukagawana. Yeye akakaa mbele, apime, apatane, abebe, apeleke. Mimi nikakaa nyuma ya pazia, nivue kitambaa cha zamani, nikaze mikanda ya kiti, nikate sponji, nishone, nilivalishe kochi mpaka mwenyewe asilitambue. Siku ya kuchukua, mteja humshika mkono yeye. "Fundi, umeniweza!" Naye hujibu, "Tunashukuru sana, karibu tena." Nami nyuma ya pazia natoa nyuzi kwenye nywele zangu, najisemea haya, ilimradi mkono unakwenda kinywani.

Karakana yetu ni chumba cha chini ya jengo la fleti, zamani watu walikuwa wanaweka baiskeli humo. Unashuka ngazi za saruji, unainama kidogo mlangoni, unaingia. Kuna dirisha moja, liko juu, na kutoka ndani unaona miguu ya wapita njia tu. Mbele tuliweka meza na viti vya wateja. Nyuma kuna meza yangu ya kukatia, cherehani, na makochi ya watu yaliyovuliwa nguo, mbavu zote nje. Ukifumua kochi la miaka mingi, vumbi la sponji linakuingia puani na unapiga chafya mpaka jioni. Ndiyo hewa yangu hiyo, na nilikuwa naipenda.

Tuliishi kwa karatasi ya muda. Iliruhusu familia kufanya kazi pamoja katika biashara yao mpaka ombi la kibali lijibiwe. Kibali chenyewe ni cha fundi aliyejiajiri: mtu mmoja, jina moja. Na sisi tulipoomba, tuliandika jina la mume wangu.

Hakuna aliyetulazimisha. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyetutangulia huku na ndiye anayejiona balozi wetu. Siku hiyo alikuja na kalamu yake mfukoni, akakaa mezani, akasema, "Anayeomba ni mkuu wa familia. Ndivyo inavyokuwa." Nani angembishia? Kwetu ukiomba umeme, kiwanja, nafasi ya mtoto shuleni, linaandikwa jina la baba. Hata kadi ya kliniki ya binti yangu, niliyemzaa kwa uchungu wangu mwenyewe, imeandikwa jina la baba mpaka mtu anaweza kufikiri alimzaa yeye. Hatukukusudia kudanganya. Tuliona tumeulizwa nyumba hii ni ya nani, tukajibu kama tunavyojibu siku zote. Mimi nilikuwa namimina chai. Nikasema, "Andikeni basi, chai inapoa." Hilo ndilo neno langu lote la siku ile.

Halafu tukangoja. Kungoja huko, usiombe kukukute. Barua ikidondoka mlangoni, moyo unaruka, kumbe ni bili ya maji. Kiti cha kungojea katika ofisi ya vibali nilikijua kuliko kitanda changu. Kilikuwa kimechanika ubavuni na kila nikikikalia mkono ulikuwa unawasha kukitengeneza. Unachukua namba, unakaa, unaitwa, unaambiwa bado. Unarudi nyumbani umechoka kama mtu aliyelima.

Barua ilipokuja kweli, binti yetu ndiye aliyeisoma, maana yeye lugha ile anaota nayo ndotoni. Alikuwa mwaka wake wa mwisho wa sekondari, mezani pamejaa vitabu, akavisukuma pembeni. Akatuambia, "Atakuja mkaguzi hapa karakanani. Anataka kumwona baba akifanya kazi kwa mikono yake, kiti kimoja, mwanzo hadi mwisho, bila kusaidiwa. Akiridhika, kibali kinatoka."

"Akija nimkaribishe," akasema mume wangu, bado anacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Kuna na hili," binti akasema. Akasoma kimya, akarudia, kisha akatuambia bila kututazama. "Kibali kikitoka, karatasi ya muda inakufa. Mwenza na watoto wanaruhusiwa kuishi na kusoma. Mwenza haruhusiwi kufanya kazi."

"Mwenza ni nani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Ni wewe, mama."

Nilikaa. Sikulia, mimi si wa kulia. Nikamwangalia shemeji yangu, ambaye siku hiyo alikuwepo, kama anavyokuwepo kila penye chai. Nikamwambia, "Balozi, umesikia?"

"Tutabadilisha," mume wangu akasema. "Kesho asubuhi. Tunafuta jina langu, tunaandika lako. Basi."

Walikwenda asubuhi, yeye na kaka yake, wakarudi mchana wamenywea. Karani alikuwa mpole, wakasema, hakuwafokea. Aliwaeleza tu kwamba kubadilisha mwombaji ni kuondoa ombi. Ukiondoa ombi, karatasi ya muda imekwisha siku hiyohiyo. Karatasi ikiisha, unafunga mizigo, unarudi kwenu, unaomba upya ukiwa huko, unapanga foleni nyuma ya waliokuwepo. Na binti? Binti naye anafunga mizigo, mtihani wake ukiwa mlangoni.

Kwa hiyo mambo yalikaa hivi, nikuwekee wazi. Mume wangu akishindwa mbele ya mkaguzi, tunaondoka wote. Akishinda, tunabaki, na mimi naweka sindano chini. Hakukuwa na mlango wa tatu.

Shemeji akaona wa tatu. "Shemeji yangu, mbona unajitesa? Yeye apate kibali, wewe uendelee nyuma ya pazia kama zamani. Nani atajua?"

"Mke wa kinyozi," nikamwambia.

Akaweka kikombe chini. Kinyozi alikuwa jirani yetu ghorofa ya juu, mtu mstaarabu, ana kibali chake safi. Mkewe alikuwa akisuka watu nywele chumbani, wawili watatu kwa wiki, majirani tu. Wakaguzi walibisha hodi siku ambayo hawakutarajiwa, wakamkuta na kichwa cha mtu mapajani, nusu kimesukwa nusu bado. Hata yule aliyekuwa akisukwa hakumaliziwa. Kibali cha mume kikafutwa. Fleti yao sasa anakaa mtu mwingine, na mtoto wao alikuwa na umri wa binti yetu.

Basi nikawa mwalimu. Mchana nilifanya kazi za wateja, jioni nilimfundisha mume wangu kazi ya baba yangu. Ukitaka kujua ndoa yako ina nguvu kiasi gani, mfundishe mwenzio ufundi.

"Vuta," nikasema.

"Navuta!"

"Unavuta au unapapasa? Huo mkanda ndio utakaombeba mtu na makalio yake. Vuta kama unamtoa ng'ombe shimoni!"

Nyundo aliishika kama anaogopa kuiamsha. Misumari midogo ilimtoroka, ikaingia chini ya meza, tukawa tunaitafuta kwa magoti kama kuku. Shazia, ile sindano nene ya kushonea kwa ndani, ilimchoma mpaka vidole vyake vyote vikavaa plasta. "Mke wangu," akasema, ananyonya kidole, "hii sindano ina kinyongo na mimi." Nilicheka siku hiyo. Siku nyingine nilimtupia chaki. Kila alichoshona ilibidi nikifumue, maana kitambaa cha kuchezea hatukuwa nacho, kisha aanze tena. Nilichoka. Nilichoka mpaka nikikaa kula, kijiko kinanielea mkononi.

Jioni moja alijinyoosha, akashika kiuno, akaniangalia kwa muda.

"Wewe mgongo unakuuma kumbe?"

"Unauma."

"Siku zote hizi?"

"Siku zote hizi."

"Mbona hujawahi kuniambia?"

"Ungefanya nini, Bwana Karibu? Ungeukaribisha?"

Hakucheka. Alikwenda akanichemshia maji, akanikanda mgongo. Huyo ndiye mume wangu. Ndiyo maana kumkasirikia kunanichosha kuliko kazi.

Nikuambie na jambo jingine, ulisikie kama lilivyo. Polepole alianza kuweza. Mikanda ikaanza kukaza. Sponji akaikata ikakaa. Siku alipopiga misumari mstari mzima bila kupinda hata mmoja, aligeuka akanitazama kama mtoto aliyevuka barabara peke yake, nami nikampigia makofi. Na huku nampigia makofi, roho inaniuma. Nilitaka aweze, na nilitaka asiweze. Nilikuwa nachimba kisima, najua maji yakitoka mimi sitakunywa. Haki ya Mungu, kuna wakati nilimsahihisha kwa hasira mahali ambapo hakukosea.

Mkaguzi alikuja asubuhi ya mvua. Mama wa makamo, koti limelowa, mkoba mzito begani, goti bovu. Aliteremka ngazi upande upande kama kaa. Mume wangu alitoka mbio kumpokea mkoba. "Karibu, karibu sana, angalia hapo kichwa." Yule mama alivyokaa kwenye kiti cha wateja alitoa pumzi ndefu, nikajua kwamba na yeye kachoka, na sisi si wa kwanza kwake siku hiyo.

Kiti cha mtihani kilikuwa cha mteja wa kweli, ndivyo walivyotaka. Kiti kimoja cha mikono, na mwenyewe alikuwa amechagua kitambaa cha mistari. Mistari, jamani! Kwa mtu anayejifunza, mistari haina huruma. Ua la kitambaa likienda upande hakuna anayejua, lakini mstari ukienda upande hata kipofu anauliza kulikoni. Kingine cha kumpa hatukuwa nacho.

Mimi nilivaa gauni la kutokea, nikakaa kwenye kigoda kando ya pazia. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kuwa mwenza. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Alivua kitambaa cha zamani vizuri. Alikaza mikanda, akaigonga kwa kiganja isikike, kama nilivyomwonyesha. Alilaza sponji. Mkaguzi alikuwa akiandika, mara anatazama, mara anasugua goti lake. Kisha kikaja kitambaa. Mbele alianza sawa. Kona ya kwanza akaikunja, ikakubali. Kona ya pili akavuta kutoka pembeni badala ya kuanza katikati, na mimi nikaona, kabla yeye hajaona, mstari wa tatu ukianza kupinda. Alipopiga msumari, ukapinda wa nne. Mikono yangu ikanyanyuka yenyewe mapajani. Nikairudisha. Ikanyanyuka tena. Mwisho niliikalia, nikakaa juu ya viganja vyangu kama mtoto aliyekatazwa kugusa sufuria, vidole vikafa ganzi.

Mkaguzi hakuona mstari. Kwa nini auone? Yeye anakalia viti, havishoni. Aliona mwanamume anatoka jasho na kiti kinapendeza. Akauliza, kwa kupitisha muda tu, "Ufundi huu ulijifunza kwa nani?"

Tulikuwa tumelipanga jibu. Aseme "kwa baba mkwe," maana lilikuwa karibu na ukweli na halina shari. Mume wangu aliweka nyundo chini. Akafuta uso kwa mkono wa shati. Akasema, "Kwa mke wangu."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Kusema kweli, mama," akaendelea, na sauti haikuwa ile ya karibu karibu, ilikuwa ya mtu aliyechoka, "fundi ni yeye. Viti vyote hivi unavyoviona ni vya kwake. Mimi nabeba tu."

Yule mama alinigeukia. Akanitazama mimi, gauni langu la kutokea, nimekalia mikono yangu. Kisha akacheka. Hakunidharau, alicheka kwa wema, cheko la mwanamke kwa mwanamke mwenzake. "Hata wa kwangu husema hivyo mbele ya watu," akasema. "Wakiondoka, husema mengine." Kalamu ikabaki hewani. "Haya, mama, ni kweli? Fundi ni wewe?"

Mume wangu alikuwa ananitazama. Alikuwa ameufungua mlango wote, amesimama kando, mimi nipite. Ilikuwa kutikisa kichwa tu. Nimengoja maisha yangu yote mtu aniulize swali lile, na aliyekuja kuniuliza ni mtu ambaye sikuweza kumjibu. Maana nikisema ndiyo, mwombaji wetu ni mwongo, ombi limekufa, na binti yangu aliyekuwa shuleni saa ile, anaandika sijui nini daftarini mwake, hatamaliza.

Nikacheka na mimi. "Huyu anapenda utani," nikasema. "Mimi napika chai tu."

Lugha yao inanitatiza kila siku, lakini sentensi ile ilinitoka imenyooka, bila kosa hata moja.

Mkaguzi aliandika. Mume wangu aliinama, akamalizia kile kiti bila kuinua uso tena. Yule mama alipitisha kiganja juu ya kitambaa, juu ya ile mistari iliyolewa, akasema, "Kazi nzuri." Kisha akaomba asaidiwe ngazi, na mume wangu akamshika kiwiko, taratibu, mpaka juu.

Aliporudi alifunga mlango, akauegemea. "Kwa nini umenikana?"

"Nani kamkana mwenzake?" nikamfokea. "Tulipatana nini? Tulipatana useme nini?"

"Nilishindwa. Nimekaa hapo ananiita fundi, fundi, na wewe umekaa umekalia mikono! Nimechoka kuitwa jina lako!"

"Umechoka leo? Mimi nimechoka tangu lini? Uliwahi kuniona nikiutupa ukweli mezani mbele ya watu, halafu mtoto ndiye alipie?"

"Nilitaka ujulikane," akasema. "Mara moja tu."

Hasira yote ikaniishia miguuni. Mtu akikupiga unajua la kufanya, lakini mtu akikupenda kwa wakati usiofaa utamfanya nini? Nikavua gauni, nikavaa nguo za kazi, nikachukua kile kiti nikakifumua. Karatasi ya muda ilikuwa bado hai. Nikakivalisha upya kuanzia katikati, nikanyoosha mstari mmoja mmoja, na yeye akikaa kando ananipa misumari. Kiti kilitoka kama kimezaliwa hivyo.

Kibali kilikuja. Shemeji alileta soda na keki, akapiga kelele mlangoni, "Yuko wapi fundi wetu? Fundi wa serikali sasa!" Binti alimkumbatia baba yake, kisha akaja akanikumbatia mimi, akanishikilia muda mrefu kuliko baba, na nikajua anajua. Kibali sharti kitundikwe ukutani mahali panapoonekana. Tukakitundika. Picha ya mume wangu, jina lake, na chini yake: ufundi wa makochi. Kaka yake aliinua glasi, akasema aliyevumilia amekula mbivu. Nami nikainua yangu. Nilikuwa na furaha, usidhani sikuwa nayo. Kuna furaha inayokuja imechoka, inakaa tu kitini, haichezi.

Kesho yake pazia tuliliondoa. Nilisema mimi liondolewe, maana likibaki nitashawishika. Yeye akahamia nyuma, mimi mbele. Nikawa nakaribisha wateja, kazi ambayo sina kipaji nayo. Mmoja aliniuliza kama rangi ya maziwa itamfaa, nikamwambia kwa watoto wake wale, labda achague rangi ya matope. Hakurudi. Huko nyuma nilisikia nyundo ikigonga polepole, kimya, kisha, "Mke wangu, hapa nakata kwa ndani au kwa nje ya chaki?" Namjibu kwa mdomo, mikono nimeifunga mgongoni. Anafumua, anarudia. Kazi niliyokuwa naimaliza asubuhi moja, yeye inamchukua siku mbili, na jioni anakaa ameshika kiuno, hana nguvu hata za kusema karibu.

Basi siku moja alikwenda kupeleka kochi kwa mteja, nikabaki peke yangu. Akaja mzee mmoja, amebeba kiti kidogo cha kukalia chumbani, anahema. Nilisikia kikigonga ukuta ngazi yote. Nilimpa nafasi akakaa.

"Fundi yupo?"

"Katoka."

"Atarudi saa ngapi?"

"Jioni."

Akasikitika. Alisema taratibu ili nielewe. Dada yake anakuja kumtembelea mchana huo, hajamwona miaka mingi, na kiti hicho kilikuwa cha mama yao. Alitaka amkaribishe nacho. Akakigeuza, akanionyesha. Mshono umeachia ubavuni, kama shibiri moja, sponji inachungulia. Kitambaa chenyewe bado kizima. Ukianza kwa ndani, ukarudisha uzi mara mbili, ukaufichia chini ya pindo, hata aliyekishona kwanza hatajua. Ni kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa. Mezani, mbele yangu, ilikuwepo sindano ambayo mume wangu aliiacha na uzi wake, na uzi ulikuwa wa rangi ileile.

"Ni padogo tu," mzee akasema. "Wewe huwezi kunishikizia?"

Dirishani miguu ya watu ilikuwa inapita. Viatu vya shule, viatu vya mvua, viatu vyeusi vya kike vinavyokwenda upande kidogo. Miguu yoyote ingeweza kuwa ya mkaguzi. Nilitazama ule mshono nikaona namna baba yangu angeushika. Vidole vilinicheza.

"Sijui, baba," nikamwambia. "Sijui kushona. Mimi ni mke wake tu."

"Aa, pole, nimekusumbua," akasema.

Akakiinua kiti chake, akakipitisha mlangoni, akapanda nacho ngazi, akipumzika kila baada ya hatua chache. Nilisimama pale chini mpaka sauti ya kiti kugonga ukuta ikaisha. Tangu baba yangu aninyanyue akanikalishe kwenye lile benchi, sijawahi kusema kwamba sijui.

Mume wangu alirudi jioni, amelowa, kamba begani. Akavua viatu, akatazama meza, akanitazama mimi.

"Kuna mteja alikuja?"

"Hakuna," nikamwambia, na nikaenda kumwekea chakula.